Mwizi Msomi Hakimbii

Kuna hoja ambayo ukikaa kijiweni utaisikia mara kwa mara, hasa habari ya mtu aliyekamatwa inaposomwa gazetini: kwamba waliojaa magerezani ni wajinga, na wenye akili zao tuko nao huku nje, tunapanda nao daladala na kusali nao Ijumaa na Jumapili. Hoja hii ina utamu wake. Inamfariji aliyeibiwa, maana aliyemwibia alikuwa mjanja sana, na inampa heshima fulani mwizi ambaye hajapatikana. Ila hatujawahi kuikagua. Tunamwita mtu mjanja kwa kuwa hakukamatwa, halafu tunaeleza kwamba hakukamatwa kwa kuwa ni mjanja.

Ukaguzi umewahi kufanywa, mbali na hapa. Katika mji wa Dunedin, New Zealand, watafiti wamekuwa wakiwafuatilia watoto zaidi ya elfu moja waliozaliwa mwaka 1972 na 1973, tangu utotoni hadi sasa wamekuwa watu wazima. Mwaka 1988 Terrie Moffitt na Phil Silva walitumia kumbukumbu za watoto hao kulijibu swali letu la kijiweni. Waliwachukua wale waliokiri kwa midomo yao makosa waliyoyafanya, wakawagawa mafungu mawili: waliokuwa wanajulikana na polisi, na wale ambao polisi hawakuwa na habari nao. Kisha wakalinganisha alama zao za vipimo vya akili. Kama akili ndiyo inayomficha mhalifu, wasiojulikana na polisi walipaswa kuwa juu. Hawakuwa juu. Mafungu yote mawili yalilingana, na yote yalikuwa chini ya watoto ambao hawakuwa na makosa.

Siupokei utafiti huo kama neno la mwisho. Watoto wale walikuwa na umri wa miaka 13, na mtoto wa miaka 13 hana saini kwenye akaunti ya serikali. Lakini unatusaidia kutenganisha mambo mawili ambayo kijiweni tunayachanganya: akili ya mtu, na mahali ambapo elimu yake imemkalisha. Nadhani la kwanza halimsaidii mhalifu sana. La pili linamsaidia kuliko tunavyopenda kukubali.

Tuanze na akili tupu. Sijui kesi iliyoipima vizuri kuliko ile ya vijana wawili wa Chicago mwaka 1924. Nathan Leopold alikuwa na miaka 19, ameshapata shahada Chuo Kikuu cha Chicago na anasomea sheria, anazungumza lugha kadhaa, na wataalamu wa ndege nchini Marekani walimfahamu kwa maandishi yake kuhusu ndege mmoja adimu. Rafiki yake Richard Loeb, mwenye miaka 18, alikuwa amemaliza Chuo Kikuu cha Michigan akiwa na miaka 17. Wote watoto wa matajiri. Walijiaminisha kwamba watu wenye vichwa kama vyao hawabanwi na sheria za watu wa kawaida, na kwamba wangeweza kufanya mauaji yasiyo na kasoro hata moja. Walipanga kwa miezi. Walikodi gari kwa jina la uongo. Waliandika barua ya kudai dola 10,000 kwa mashine ya chapa waliyoiiba kwenye nyumba ya wanafunzi huko Ann Arbor, na wakapanga namna fedha zitakavyotupwa kutoka kwenye treni inayokwenda. Tarehe 21 Mei wakamchukua Bobby Franks, mtoto wa miaka 14, jirani na ndugu wa Loeb, wakamuua na kuuficha mwili kwenye kalavati nje ya mji.

Asubuhi iliyofuata, kabla hata senti haijalipwa, kibarua mmoja aliyekuwa akipita hapo aliona miguu imechomoza. Karibu na hapo ikaokotwa miwani. Lenzi zake zilikuwa za kawaida, fremu ya kawaida, ila bawaba zilikuwa za aina iliyouzwa na duka moja tu mjini Chicago, na vitabu vya duka vikaonyesha kwamba wateja walionunua ni watatu. Mmoja wao Leopold. Alipoulizwa akasema itakuwa ilimdondoka siku alipokwenda kutazama ndege, alijikwaa. Wapelelezi wakamwambia aiweke mfukoni kama alivyokuwa ameiweka, ajikwae waone. Akajikwaa, akaanguka, akajikwaa tena. Miwani ikabaki mfukoni. Akaja na jibu jingine: siku hiyo yeye na Loeb walikuwa wakizunguka na wasichana kwenye gari lake. Dereva wa nyumbani kwao, akidhani anamtetea kijana wa bosi wake, akaeleza kwamba gari hilo siku hiyo halikutoka kabisa, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa akilitengeneza breki. Siku 10 baada ya mauaji wote wawili walikuwa wameshakiri, kila mmoja akisema aliyeua kwa patasi ni mwenzake.

Walioangusha mpango ule ni kibarua, muuza miwani na dereva. Hakuna aliyewazidi akili wale vijana, na hakuhitajika wa kuwazidi. Mpango wa uhalifu unapita katika dunia ambayo mpangaji haiongozi: kuna ratiba ya fundi, kuna mtu anayekatisha njia, kuna kitabu cha mauzo ambacho karani alikijaza miezi iliyopita bila kujua kitatumika kwa nini. Na akili nyingi ina kasoro yake ya ziada, inamfanya mtu aongeze vipande kwenye mpango. Gari la kukodi, jina la uongo, mashine ya chapa, treni. Kila kipande ni shahidi anayesubiri kuulizwa. Kibaka anayepora simu Ubungo na kupotelea kwenye watu hana vipande hivyo. Nafasi yake ya kutokamatwa ni kubwa kuliko ya Leopold, na huenda darasa la saba hakumaliza. Hata Marekani, pamoja na maabara zao zote, kesi za wizi wa mali ambazo polisi wanafanikiwa kumpata mtu hazifiki moja kati ya tano, na hata kwa mauaji ni nusu na ushei tu. Hao wengi wanaobaki nje hawawezi wote kuwa na vichwa vya profesa.

Chukua ujumbe ambao karibu kila mwenye simu Tanzania ameshaupokea: “Ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja fulani.” Anayeutuma hakujui, wala hajui kama kuna mtu anakudai. Anautuma kwa mamia, akitegemea kwamba kati ya hao yupo mmoja ambaye kweli asubuhi hiyo ameahidi kumtumia mtu kodi ya nyumba au ada ya mtoto. Laini anayotumia imesajiliwa kwa alama za vidole kama sheria inavyotaka, ila vidole si vyake. Ni vya mama mmoja aliyekwenda kusajili laini kwa wakala wa mwavuli pale kituoni, akaweka kidole gumba kwenye kimashine, akaambiwa, “Haijasoma, mama, weka tena,” naye akaweka tena. Mara ya kwanza ilisajili laini yake. Ya pili ilisajili laini ya tapeli. Polisi wakiifuata namba wanafika kwa mama huyo, wanamkuta anakaanga vitumbua, hana analojua. Hayo ni maficho bora kuliko chochote walichobuni vijana wa Chicago, na aliyeyabuni huenda hajui kuandika barua ya kuomba kazi.

Wapo watakaonikumbusha Ted Kaczynski. Aliingia Harvard akiwa na miaka 16, akapata shahada ya udaktari wa hisabati Michigan, akafundisha Berkeley, kisha akaacha vyote na kwenda kuishi kwenye kibanda kisicho na umeme wala maji ya bomba msituni Montana. Kati ya 1978 na 1995 mabomu yake, mengi aliyoyatuma kwa posta, yaliua watu watatu na kujeruhi 23, na FBI walimtafuta miaka yote hiyo bila kumjua. Mfano mzuri wa kichwa kinachomficha mtu, inaonekana. Mimi naona kilichomficha ni upweke. Hakuwa na jirani wa karibu, simu wala mfanyakazi mwenzake wa kuuliza jana ulikuwa wapi. Mchunga mbuzi mpweke angefichika vilevile. Na mara tu usomi wake ulipoingia kazini, ukamwangusha: mwaka 1995 alidai ilani yake ya maneno kama 35,000 ichapishwe, Washington Post wakaichapa, na mke wa mdogo wake David akahisi kwamba maneno yale anamfahamu mwenyewe. David akafukua barua za zamani, akalinganisha, akakuta misemo ile ile. Aprili 1996 FBI wakafika kibandani.

Hii ya kutaka kusomwa ni maradhi ya waliosoma. Dennis Rader wa Wichita, Kansas, aliyeua watu 10 kati ya 1974 na 1991, alikuwa na shahada katika mambo ya utoaji haki. Yaani alisomea kazi ya wale waliokuwa wakimtafuta. Kesi yake ilikuwa imepoa kabisa. Mwaka 2004 yeye mwenyewe akaanza upya kuwaandikia polisi na vyombo vya habari, na katika kuandikiana huko akawauliza kama akiwatumia flopi ya kompyuta wataweza kujua imetoka wapi. Wakamjibu kwa tangazo dogo la gazeti kwamba hakuna shida. Akatuma. Ndani ya flopi, mahali ambapo hakuwa na habari napo, palikuwa na jina la kanisa lake na neno “Dennis”.

Ukiwa umefika hapa unaweza kudhani natetea ile methali ya siku arobaini za mwizi. Siitetei. Kwa mwuaji na mporaji, elimu haifai kitu, na ni haki kusema pia kwamba inawapunguza hao: wachumi Lance Lochner na Enrico Moretti walionyesha mwaka 2004 kwamba huko Marekani, sheria zilipowalazimisha watoto kukaa shuleni zaidi, uhalifu wa aina hiyo ulishuka. Kwa hiyo mfungwa aliyesoma ni adimu kwa sababu mbili, na moja ya hizo ni njema kabisa. Iko nyingine ambayo si njema, na hiyo inahitaji mtu mmoja nimweleze kwa kirefu.

Harold Shipman alikuwa daktari katika mji mdogo wa Hyde, karibu na Manchester, Uingereza. Wagonjwa walimpenda. Alikuwa daktari wa aina ile anayekuja mwenyewe nyumbani kwa bibi anayeishi peke yake, anakaa, anazungumza. Alikuwa pia anawaua kwa sindano za diamofini, dawa kali ya maumivu, wengi wao wanawake wazee ambao hawakuwa na ugonjwa wa kuwaua siku ile, kisha anajaza mwenyewe cheti cha kifo. Januari 2000 alitiwa hatiani kwa kuwaua wagonjwa 15. Tume iliyoongozwa na Jaji Janet Smith ikahesabu baadaye watu 215, na ikakadiria kwamba wote kwa jumla walikaribia 250, kwa muda wa zaidi ya miaka 20.

Mtu atasema huyu sasa ndiye mwenye akili. Lakini Shipman hakuwa mwangalifu hata kidogo. Alibadilisha taarifa za wagonjwa kwenye kompyuta ili waonekane walikuwa na maradhi ya moyo siku nyingi, asijue kwamba programu inaandika tarehe na saa ya kila badiliko. Mengine aliyafanya muda mfupi tu baada ya mgonjwa kufa. Wagonjwa wake walikutwa wamefia vitini, wamevaa nguo zao za mchana, wengi alasiri, wengi yeye akiwa pale pale au ametoka sasa hivi. Mwisho alighushi wosia wa Kathleen Grundy, mjane aliyeheshimika mjini, unaompa yeye mali zote. Aliupiga chapa kwa mashine yake mwenyewe. Binti wa marehemu alikuwa mwanasheria, na mambo ya wosia wa mama yake ndiye aliyekuwa akiyashughulikia.

Mtu mzembe kiasi hicho aliwezaje kuua miaka yote ile? Kwa sababu waliomwona hawakuwa na cheo. John Shaw alikuwa dereva wa teksi, anawabeba wazee wa Hyde kwenda dukani na kuwarudisha na mizigo yao. Alianza kuandika majina ya wateja wake waliokufa ghafla wakati walikuwa wazima, na kila akiuliza daktari alikuwa nani, jibu ni lile lile. Orodha ikafika majina 20 na ushei. Kwa miaka hakwenda polisi, na mimi simlaumu. Jiulize dereva wa bajaji angeanzia wapi kumshtaki daktari bingwa. Deborah Massey, wa familia yenye biashara ya mazishi, naye aliona kwamba maiti zinazotoka kwa Shipman ni nyingi mno na zinafanana mno. Yeye alipata bahati ya kusikilizwa na daktari wa zahanati ya jirani, Linda Reynolds, ambaye Machi 1998 alipeleka taarifa kwa ofisa anayechunguza vifo. Polisi wakapeleleza wiki chache, wakafunga jalada. Hawakuangalia hata kama daktari aliwahi kutiwa hatiani. Wangekuta kwamba ndiyo: mwaka 1976 alitozwa faini kwa kughushi maandishi ya dawa ili ajipatie pethidini ya kutumia yeye mwenyewe. Baada ya jalada kufungwa aliua watu watatu zaidi, na Bi Grundy ndiye aliyekuwa wa mwisho.

Elimu haikumpa Shipman werevu wa kujificha. Ilimpa kalamu ya kuandika sababu ya kifo, na mji mzima ukaiamini kalamu hiyo kuliko macho yake. Hapo ndipo ninapotofautiana na kijiwe. Kijiwe kinafikiri msomi anafuta nyayo. Nyayo za Shipman zilikuwa wazi tangu mlangoni. Waliopaswa kuzifuata walikuwa wamesimama kando, wameshika kofia mkononi.

Mmarekani Edwin Sutherland alilisema jambo hili mapema. Mwaka 1939, akiwa rais wa chama cha wanasosholojia wa nchi yake, aliwaambia wenzake kwamba wanachunguza uhalifu wa maskini tu kwa sababu takwimu wanazipata mahakamani na magerezani, wakati watu wa suti na mashati meupe wanavunja sheria kila siku na mambo yao yanaishia kwenye tume na faini. Kitabu chake cha 1949 kilichunguza kampuni kubwa 70. Mchapishaji akaogopa kushtakiwa, majina ya kampuni yakaondolewa, na hayakurudishwa hadi 1983. Yaani hata kitabu kilichoandikwa kuonyesha kwamba wakubwa hawatajwi, kilitoka bila kuwataja.

Hapa kwetu hatuhitaji kwenda mbali. Katika mwaka wa fedha 2005/06 shilingi bilioni 133 zilitoka Benki Kuu ya Tanzania, kwenye Akaunti ya Madeni ya Nje, ile tuliyozoea kuiita EPA, zikaenda kwa kampuni 22. Makaratasi yalikuwepo: hati za kuhamishiana madeni, mihuri, saini. Ukaguzi ukaja kuonyesha kwamba nyingi ya hati hizo ni za kughushi. Januari 2008 Rais Jakaya Kikwete akamwondoa Gavana, na baadaye mwaka huo waliochukua fedha wakapewa hadi tarehe 31 Oktoba wawe wamezirudisha, la sivyo wafikishwe mahakamani. Wapo waliorudisha. Wapo waliofikishwa mahakamani, na baadhi wakafungwa.

Lakini itazame hiyo tarehe. Kijana anayekutwa na kuku wa watu Manzese hapewi hadi mwisho wa mwezi. Hapewi hata nafasi ya kutaja jina lake, maana tairi limeshaletwa na mtu ameshatumwa petroli. Sipingi fedha za umma kurudi. Bilioni moja mkononi ina thamani kuliko hukumu ya karatasi. Nashangaa tu jinsi ambavyo hakuna aliyeona ajabu. Kibaka tunamtambua kwa sababu anakimbia, na kukimbia kwenyewe ndiko kunakomuua. Msomi hakimbii. Ana ofisi ya kurudi kesho asubuhi, ana katibu muhtasi wa kusema yuko kikaoni, na ukimkuta ana wakili. Elimu haimwondoi mbele ya sheria. Inamnunulia muda mbele ya sheria, na kesi iliyopigwa kalenda miaka kumi huanza kupoteza mashahidi, majalada na hamu ya watu.

Kenya walikuwa na Goldenberg. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Goldenberg International ilipewa haki ya peke yake ya kuuza nje dhahabu na almasi, na serikali ikawa inailipa asilimia 35 juu ya fedha za kigeni ilizodai kuziingiza nchini. Dhahabu ya Kenya wakati huo ilikuwa kidogo sana, na machimbo ya almasi hayakuwepo. Mtoto wa shule ya msingi aliyesikiliza vizuri kipindi cha jiografia angeweza kunyoosha kidole na kuuliza. Waliokuwa wakiidhinisha malipo walikuwa na shahada, na hawakuuliza. Mwaka 2003 ikaundwa tume chini ya Jaji Samuel Bosire, taifa likakaa mbele ya televisheni kusikiliza ushahidi. Kesi zikaenda na kurudi, zikasimamishwa, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikayafuta mashtaka dhidi ya mwanzilishi wa kampuni, Kamlesh Pattni. Zaidi ya miaka 20 ilikuwa imepita tangu malipo ya kwanza. 

Iko kesi nyingine ya nyumbani ambayo huwa naitumia kuwachokoza wanaoamini kwamba elimu ndiyo kinga. Aprili 2017 Rais John Magufuli alikabidhiwa Dodoma orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliotajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Baadhi walikata rufaa na kusafishwa, lakini hata ukiwatoa hao, ni umati. Watu hao hawakuwa na elimu waliyodai. Walivaa tu joho lake, wakakaa maofisini miaka na miaka, wakapandishwa vyeo, wakawasimamia wenye vyeti halali. Hawakufichwa na akili, kwa kuwa kughushi cheti cha kidato cha nne si kazi ya akili nyingi, na wala hawakufichwa na elimu, kwa kuwa hawakuwa nayo. Walifichika kwa sababu sisi tukiona karatasi yenye muhuri tunaacha kutazama. Na walipopatikana hawakupatikana kwa upelelezi wa kina. Baraza la Mitihani lililinganisha vyeti na kumbukumbu zake za matokeo. Kumbukumbu zilikuwepo siku zote.

Kwa hiyo, je, elimu inamsaidia mhalifu asikamatwe? Kama kosa ni la mkono, haimsaidii. Kama kosa ni la kalamu, inamsaidia sana, ila kwa sababu ya heshima yetu kwake. Ndiyo maana sisisimki ninaposikia kwamba dawa ni kuwasomesha zaidi wapelelezi, wawe na vyeti vya juu kuliko wezi. Si vibaya kusoma. Lakini katika nyingi ya kesi hizi, anayeona kwanza ni mtu wa ngazi ya chini: dereva, mtu wa mazishi, karani. Anayo habari. Hana pa kuipeleka, au anapo na anajua kitakachompata.

Goldenberg ilijulikana kwa sababu ya karani mmoja wa Benki Kuu ya Kenya, David Munyakei. Karatasi za malipo zilikuwa zikipita mezani kwake, akaona hesabu hazikai sawa, akazifikisha kwa wabunge wa upinzani. Mwaka 1993 yeye ndiye aliyekamatwa, akashtakiwa kwa kuvunja sheria ya siri za serikali, akafukuzwa kazi. Hakutiwa hatiani, lakini kazi hakuirudia tena. Mwaka 2004 Transparency International wakampa tuzo ya uadilifu. Aliishi kwa kubangaiza hadi alipofariki mwaka 2006.

Tanzania tunayo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na Kenya muswada wa namna hiyo umekuwa ukizungushwa kwa miaka. Karani wa leo anayeiona hati yenye saini isiyo sawa hajiulizi sana kama sheria ipo. Anajiuliza kama atakayepokea taarifa yake anakunywa chai na mkuu wake wa idara, na kama akisimamishwa kazi mwezi huu, mwenye nyumba Mbagala atasubiri. Nikipewa bajeti ya kupambana na wizi wa kalamu, kabla sijanunua programu mpya ya ukaguzi wala kupeleka mtu semina, ningetenga fungu la kulipa mshahara wa karani huyo, kamili na kwa tarehe yake, tangu siku anapotoa taarifa hadi siku kesi inapokwisha, hata ikipigwa kalenda miaka kumi. Hesabu yake haiwezi kufika bilioni 133.